Nilivyoanza kutengeneza sabuni jikoni kwangu, na jinsi mizani ilivyoniokoa

Sabuni nilianza kutengeneza kwa ajili ya ngozi yangu tu, biashara haikuwepo kichwani kabisa. Mikono ilikuwa inakauka mpaka inapasuka, nikaja kusoma kwamba sabuni ya kipande ni mafuta, maji na kostiki soda (ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) basi, nikasema ngoja nijaribu, jiko ninalo na usiku watoto wakishalala nafasi ipo.

Mara ya kwanza nilipima kwa kikombe. Nilikuwa na vipimo vya sabuni ya mafuta ya nazi matupu, ila nazi ikaniishia njiani, nikajazia nusu kwa mafuta ya zeituni na kostiki nikaiacha vilevile kama ilivyoandikwa. Ikatoka nyeupe, ngumu, inapendeza kabisa kuiangalia, nikakata vipande nikampelekea dada yangu. Kesho yake ananipigia, "Mdogo wangu, hii sabuni inaniwasha mikono, tafadhali usimpe mtu mwingine." Niliumia jamani, maana nilikuwa nimeshagawa kwa watu watatu. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya.

Hapo ndo nikakaa chini kujifunza kwa nini. Kumbe kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki ili yageuke sabuni. Kilo moja ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 183, kilo moja ya zeituni inataka kama gramu 135 tu, kwahiyo mimi nilipobadilisha nusu ya mafuta bila kugusa kostiki nikaacha kostiki ya ziada ndani ya sabuni, na hiyo ndo iliyomuwasha dada. Tofauti inatoka kwenye asidi zilizomo kwenye mafuta yenyewe, na hili wala si jambo jipya, Mfaransa mmoja mkemia, Chevreul, alishachapisha mwaka 1823 kazi inayoonyesha kwamba mafuta ni asidi zilizoshikana na gliserini. Nilivyolielewa hilo nikaacha kufuata vipimo vya watu kama kasuku, nikaanza kupiga hesabu mwenyewe.

Nikanunua mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Hicho ndo kifaa cha kwanza nilichonunua na kama unataka kuanza nakuomba uanze nacho, achana kwanza na rangi, manukato na maboksi ya maua. Mchanganyiko wangu mpaka leo ni gramu 700 za zeituni na 300 za nazi. Hesabu inakuja kama gramu 149 za kostiki, napunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na ngozi isikauke, napima 142, maji gramu 300. Nazi inaleta povu na ugumu lakini ikizidi inakausha, zeituni ni laini kwa ngozi ila peke yake inachukua muda mrefu sana kukauka.

Sasa usalama, hapa naomba usome taratibu. Kostiki inamiminwa kwenye maji, KAMWE usimimine maji juu ya kostiki, inaweza kuchemka ghafla ikakurukia. Hata ukifanya sawasawa, maji yanapanda moto yenyewe bila jiko kuwashwa, karibu na kuchemka, na yanatoa mvuke unaokaba koo, kwahiyo madirisha wazi, miwani ya kukinga macho, glavu, mikono mirefu. Sufuria za alumini usiguse, kostiki inazila na inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka, tumia chuma cha pua au plastiki nzito inayostahimili moto. Vyombo vyangu vya sabuni vina kabati lao na havirudi kwenye chakula hata siku moja. Ikikurukia kwenye ngozi ni maji mengi ya bomba muda mrefu, siyo siki, na ikiingia machoni suuza palepale na uende hospitali. Watoto na paka nje ya jiko, mlango umefungwa.

Maji ya kostiki yakishapoa nayaunganisha na mafuta, napiga na blenda ya mkono mpaka iwe kama uji mzito ambao ukidondoshea juu unaacha alama, namimina kwenye boksi, kesho nakata. Halafu inakuja ile kazi ambayo watu wengi inawashinda, kusubiri. Wiki 4 mpaka 6 vipande vinakaa kwenye shelfu yenye hewa, maji yanatoka, sabuni inakuwa ngumu na haiishi haraka bafuni.

Na huko kusubiri ndo kulinifundisha biashara kuliko kitu kingine. Hela uliyonunulia mafuta leo hauioni mpaka baada ya mwezi na nusu, ukitengeneza nyingi kwa mkupuo mtaji wote umelala kwenye shelfu. Kwahiyo nikawa natengeneza boksi moja kila wiki, kila wiki kuna linalokomaa. Jambo lingine ni uzito, kipande nilichokikata gramu 100 kikikomaa kinasoma kama 88, na mimi mwanzoni niliandika 100 kwenye karatasi ya kufungia. Mteja mmoja akapima akaniuliza, na alikuwa na haki yake. Saivi napima siku ya kufunga, naandika ninachokiona.

Kila boksi lina namba kwenye daftari: tarehe, mafuta gani, gramu ngapi, nani alinunua. Naandika na masaa yangu pia, na hapa nawasisitizia sana akina mama wenzangu, masaa yako ya usiku ni gharama kama mafuta yalivyo gharama, mimi miezi mitatu nilikuwa naona napata faida kumbe nilikuwa najifanyia kazi bure.

Nilijaribu aina saba za manukato mara moja nikachanganyikiwa, stoo ikajaa vichupa. Iliyokuja kununuliwa na kurudiwa ni ile isiyo na harufu kabisa, watu wa ngozi kama yangu ndo wanaiulizia. Nikabaki na hiyo na nyingine moja. Kabla sijaanza kuwauzia watu nisiowajua nilikwenda kuuliza masharti ya kuuza vitu vya kupaka mwilini, maana kila nchi ina yake, na nikaanza kuorodhesha viungo vyote kwenye kila kipande.

Dada alichukua vipande viwili vya boksi namba 9, akavitumia wiki nzima kabla hajasema lolote. Halafu akaniagiza kumi.