Jumanne usiku, meza ya karibu na jiko

Shoga yangu alifika na njaa yake na maneno yake. Hata koti hajavua, keshaanza: "Mwenzangu, jiji lote hili, migahawa yote ile ya katikati ya mji, wewe unanileta huku uchochoroni?" Nikamwambia kaa kwanza.

Mgahawa wenyewe, wa Kiitaliano, ni mdogo kweli. Meza zimebanana kiasi kwamba ukitaka kwenda msalani lazima watu wawili watatu wainuke wakupishe. Kelele nazo ni nyingi, maana sakafu ni ya vigae na dari liko chini. Usimlete hapa mtu unayetaka kumpa siri. Meza ya jirani kulikuwa na wawili walioachana wanaogawana vyombo vya nyumba, na hadi mkate unaletwa tulikuwa tunajua friji imekwenda kwa nani.

Meza ya karibu na jiko niliichagua makusudi. Jiko liko wazi, kaunta tu ndiyo inayolitenga na ukumbi, na mimi napenda kuiona mikono ya anayenipikia.

Menyu ni karatasi moja, imeandikwa upande mmoja. Shoga akaigeuza kutafuta kilichobaki. "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu: vitu vichache vya kuanzia, pasta za kuhesabika, nyama, samaki wa siku hiyo, na vitamu viwili. Kwangu hakuna dalili nzuri kuliko hiyo. Ukiona mgahawa mdogo wa Kiitaliano una menyu kama kitabu, ujue huko nyuma kuna friza kubwa. Wapishi wawili hawawezi kupika papo hapo vyakula themanini. Vingine vimepikwa zamani vinasubiri kupashwa moto.

Yeye akaagiza pasta ya carbonara, akaongeza: "Lakini waniwekee na krimu, usisahau." Mhudumu, mtu wa makamo mwenye aproni inayomfika magotini, akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo mara nyingi kwamba humo krimu haiingii. Ni yai, jibini la maziwa ya kondoo liitwalo Pecorino, pilipili manga, na guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Basi. Alipoondoka shoga akanigeukia: "Mila zao hizo, hawataki kubadilika."

Hapo nikacheka, kwa sababu carbonara yenyewe si ya kale hata kidogo. Inaanza kuonekana kwenye mapishi yaliyochapishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1954 jarida moja la mapishi la Italia lilitoa maelekezo yake yakiwa na kitunguu saumu na jibini la Gruyère, ambalo ni la Waswisi. Leo ukimwekea mtu wa Roma, ambako carbonara wanaiona ni yao, Gruyère humo mtagombana. Hata nyanya, ambayo watu wengi wakisikia Italia ndiyo wanayoiwaza, ilitoka bara la Amerika. Sosi ya nyanya inaingia kwenye kitabu cha mapishi kule Napoli mwishoni mwa karne ya 17, nayo ikatajwa kuwa ni ya mtindo wa Kihispania. Kwa hiyo mhudumu sikumtetea kwa sababu ya mila. Nilimtetea kwa sababu ya ulimi. Krimu inaufunika ukali wa jibini na pilipili, halafu inamsitiri mpishi mzembe. Bila krimu, yai likizidi moto linageuka mayai ya kuvuruga na kila mtu mezani anaona.

Mimi nguruwe situmii, nikaagiza cacio e pepe. Humo hamna kitu zaidi ya pasta, Pecorino, pilipili manga na maji ya kuchemshia pasta. Chakula cha vitu vichache hivyo hakina pa kujificha, ndiyo maana mgahawa mpya nikienda huwa naanza nacho.

Mpishi alianza kwa kuitwanga pilipili, akaimwaga kwenye kikaango kikavu. Harufu ilitufikia kabla hata sijauona moshi. Akachota upawa mmoja wa maji kutoka sufuria ya pasta, maji meupe kama yaliyooshewa mchele, akayamwaga humo yakalia. Pasta akaitoa bado ngumu kidogo, ikamalizie kuiva kwenye kikaango. Pembeni alikuwa na bakuli la jibini lililokunwa laini kama unga; akalitia maji kidogo yaliyopoa, akalikoroga mpaka likawa rojo zito. Kisha akafanya jambo ambalo wapishi wenye haraka hawalifanyi: alikitoa kikaango motoni, akakiweka kando, akasimama. Akajifuta mikono. Akamsemesha msaidizi wake kitu wakacheka. Ndipo akamimina jibini na kuanza kukirusharusha kikaango, huku mkono mwingine unakoroga kwa koleo.

Kule kusimama ndiko kwenye kazi. Jibini likikutana na moto mkali, protini zake zinashikana na kuwa mabonge yanayovutika kama ulimbo, maji yanabaki peke yake chini ya sahani. Wanga uliotoka kwenye pasta ndio unaozuia lisishikane, lakini uwe wa kutosha. Kuna kundi la wanafizikia waliochapisha utafiti juu ya sosi hii mwaka 2025. Wakapima wakaona wanga ukiwa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini, sosi inatulia hata ikipata joto zaidi. Mwaka huohuo wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile inayotolewa kwa utafiti unaokuchekesha kwanza halafu unakufikirisha. Wao walipendekeza utie wanga wa kupima kwa mizani. Mpishi wangu hana mizani, ana yale maji ya sufuria ambayo tangu jioni inachemsha pasta ya mteja baada ya mteja, kwa hiyo kadiri usiku unavyokwenda yanazidi kuwa mazito. Nahisi ndiyo sababu hapa ukila saa tatu unakula vizuri kuliko saa moja, ingawa huenda ni njaa tu.

Sahani yangu ilikuja na sosi iliyoshika kila uzi wa pasta, chini hakukuwa na tone la maji. Nilikula bila kuongea. Saladi, nisiwafiche, ilikuwa ya hovyo: majani yaliyolegea na siki nyingi. Huwa hivyo. Hata sijui kwa nini bado naiagiza.

Katikati ya kula akaingia jamaa mmoja wa jengo letu. Tunakutana kwenye lifti karibu kila asubuhi, yeye anatazama namba za ghorofa, mimi natazama viatu. Leo akaketi peke yake, akaletewa glasi na mkate bila kuagiza, na mhudumu akamuuliza mguu unaendeleaje. Kumbe aliumia mguu! Nakaa naye jengo moja na sikuwa na habari. Alipotuona akainua glasi kidogo, nami nikainua yangu ya maji.

Shoga aliniona nikimwangalia yule jamaa, akauliza tena swali lake kwa namna nyingine: lakini kwa nini hapa, wakati kuna ule mgahawa wa mpishi maarufu, ambao meza unaitafuta miezi kabla? Nikamjibu kwamba ule nimekula, na chakula kilikuwa kizuri sana, lakini mahali pa kwenda na nguo ya kupiga pasi si mahali pa kwenda Jumanne ukiwa umechoka. Kwenye ule mgahawa kila sahani inataka usifie. Hapa hakuna anayengoja sifa zako. Mgahawa wa mtaani haulazimiki kuwa bora kuliko yote mjini, unatakiwa tu uwe karibu, na pasta ya wiki hii iwe sawa na ya wiki iliyopita, na mtu akija peke yake asiketishwe mlangoni kwenye baridi. Hilo la mwisho nalipa uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanamke anayekula peke yake katika jiji kubwa anajua meza anazopewa.

"Sawa," akasema, "lakini krimu ingependeza." Sahani yake ilikuwa tupu, ameipangusa kwa mkate.

Tukamalizia na tiramisu moja, kile kitamu cha vibiskuti vilivyolowekwa kahawa, vijiko viwili. Watu wa Treviso, mji wa kaskazini mwa Italia, wanasema ilizaliwa kwao, majirani zao wa Friuli wanabisha, na ubishi huo haujaisha. Ya hapa hutengenezwa siku moja kabla ili vile vibiskuti vinywe kahawa vizuri. Ukichota, kijiko kinapita bila kukwama popote.

Kisha shoga akaagiza cappuccino. Nikamtazama mhudumu usoni, maana kwa Waitalia wengi kahawa ya maziwa ni ya asubuhi, na baada ya chakula cha usiku hunywa espresso, kahawa kali isiyo na maziwa. Hakukunja hata uso. Akaileta, povu limefika ukingoni. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza: krimu umekataa, hii umekubali, mpaka wako uko wapi? Akasema chakula ni cha mpishi, kahawa ni ya mteja, akaenda zake kuchukua sahani za wale walioachana.

"Umeona?" shoga akasema, povu mdomoni. "Maziwa yangu nimeyapata."

Tukavutana kidogo juu ya bili, akashinda yeye. Wakati wa kutoka akamuuliza mhudumu kama Jumapili wanafungua. Hawafungui, Jumapili na Jumatatu mpishi anapumzika.