Ijumaa Moja na Daftari la Wachangiaji

Saa kumi na mbili asubuhi. Feri ya Likoni imeshona watu. Nimesimama ukingoni, daftari kifuani, napitia majina ya nitakaowapigia simu leo. Kituo chetu kidogo kiko Majengo, Mombasa, na kinahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Kazi yangu ni kutafuta fedha. Zamani nilishinda nikiandika maombi kwa wafadhili wa ng'ambo. Kisha USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ikakoma rasmi kutoa misaada tarehe 1 Julai 2025. Hatukuwa tukipokea kutoka kwao moja kwa moja, lakini shirika lililomlipa mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo lilikuwa likiwategemea. Sasa tunaishi kwa wachangiaji wa shilingi mia mbili, mia tano, elfu moja, na hao ndio walionifundisha kazi hii.

Saa mbili. Nafungua taarifa ya Paybill, namba yetu ya M-Pesa ya kupokelea michango. Siku hizi namba ya mtumaji huja imefichwa baadhi ya tarakimu, kwa hiyo kila mchangiaji wa kudumu tumempa namba yake ya kuandika kwenye sehemu ya akaunti. Anayeandika "msaada" tu simjui, na nisiyemjua nitamshukuru vipi? Nawatumia asante wote wa jana, mmoja mmoja, kwa jina. Ombi la fedha siliweki humo kabisa. Ukiliweka, mtu husoma hilo peke yake.

Saa nne. Simu za walionyamaza. Kuna mzee wa Kisauni aliyekuwa akituma shilingi 300 kila mwezi, akaacha miezi mitano iliyopita. Simu inapokewa na mwanamke.

"Shikamoo mama. Namuulizia mzee."

"Marahaba mwanangu. Mzee alifariki Rajabu."

Nampa pole. Kimya kidogo, kisha anasema, bila ukali wowote: "Lakini ujumbe wenu huingia kwenye simu yake kila tarehe tano. Eti hamjamsikia siku nyingi, karibu achangie. Naufuta, unarudi."

Ujumbe ule niliuandika mimi, nikauachia kompyuta iutume. Naomba radhi, na sijui niseme nini zaidi. Ni yeye anayeuliza: "Yule mtoto wa kiti alikuwa akimtaja sana. Yu vipi?"

Natoka na simu hadi uani. Mtoto ameketi kwenye kiti chake cha karatasi, kile fundi alichokijenga kwa maboksi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga, kikakaushwa hadi kikawa kigumu kama mbao. Zamani alilishwa akiwa amelala. Sasa shingo imesimama, na anaubonyeza ugali kwa vidole vyake mwenyewe. Namsimulia mama ninayoyaona, tonge kwa tonge. "Alhamdulillahi," anasema, mara mbili. Fedha hatuzigusi. Nikirudi mezani naitoa namba ya mzee kwenye orodha, kisha nakagua orodha nzima, jina kwa jina, mpaka adhuhuri inakaribia.

Baada ya swala ya Ijumaa, mwenye duka mmoja wa Marikiti analeta bahasha mbili: moja zaka, moja sadaka. Zaka ina watu wake wa aina nane, wametajwa katika Sura ya Tauba, aya ya 60, na kodi ya jengo haimo. Mwaka wetu wa kwanza tulizichanganya. Aligundua, akatuacha mwaka mzima, na alikuwa na haki. Nilimwendea mara tatu na vitabu vya hesabu ndipo akarudi. Leo kila bahasha ina daftari lake na risiti yake.

Saa tisa. Barua ngumu. Viti viwili vya karatasi vimelainika kwa mvua ya masika kwa sababu tuliviacha barazani. Mwenzangu anashauri tungoje vipya viwe tayari ndipo tuandike. Nakataa. Waliovilipia wanastahili kujua leo, kutoka kwetu. Naambatisha picha ya viti tu. Sura ya mtoto haitoki hapa bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo, nami ningetaka hivyo hata kama sheria isingekuwepo.

Saa tatu usiku, nyumbani. Majibu yanaingia. Wawili wanasikitika, mmoja amekasirika na nimempigia. Kutoka Muscat, mtu wetu wa Mombasa aliyekuwa fundi rangi miaka mingi, ambaye kwa kawaida hutuma fedha bila neno lolote, leo ameandika: "Mlivipaka vanishi mara ngapi? Na chini ya miguu je?"

Sijui. Naliandika swali lake kwenye ukurasa wake, nimuulize fundi Jumatatu asubuhi.