Alirudi kwao?

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumamosi iliyopita jumuiya yetu ya hapa Chumbageni ilisoma 2 Wafalme 5, habari za Naamani, jemadari wa Shamu, na ukoma wake. Nilipouliza kama kuna mwenye neno, binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Baba, yule msichana aliyetekwa Israeli, alirudi kwao?"

Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye somo, tukaendelea na mto Yordani. Binti akainama, akawa anachezea ncha ya ukindu uliochomoka kwenye mkeka mpaka sala ya kufunga.

Usiku sikupata usingizi. Nilimkumbuka Clarisse McClellan, msichana wa miaka 17 katika riwaya ya Ray Bradbury, Fahrenheit 451, iliyotoka mwaka 1953. Katika nchi ile askari wa zimamoto hawazimi moto. Wanachoma vitabu, na nyumba vilimofichwa. Mmoja wao, Montag, anarudi kutoka kazini usiku, anakutana na binti huyu wa jirani. Clarisse anapenda kutembea kwa miguu na kuonja maji ya mvua. Anamwambia kwamba asubuhi majani huwa na umande, naye Montag hakumbuki kama aliwahi kuujua. Wakiagana anamuuliza kama ana furaha, kisha anakimbilia kwao.

Montag anaingia ndani akijiambia kwamba bila shaka anayo. Hana. Swali lile halimwachi tena.

Clarisse mwenyewe hafiki hata katikati ya kitabu. Mke wa Montag anasema, kama mtu aliyesahau kutoa habari, kwamba anadhani aligongwa na gari, na familia yake imehama. Basi. Hapo ndipo ninapoumia kila ninaposoma. Mwishoni Montag anatorokea kwa watu wanaohifadhi vitabu vichwani, na yeye anakibeba kitabu cha Mhubiri, kile kinachosema, "Tupa chakula chako usoni pa maji, maana utakiona baada ya siku nyingi." Aliyekitupa chakula kile hayupo kukiona.

Na mjakazi wa Naamani je? Biblia haitupi jina lake. Ameporwa kwao, anatumikia nyumba ya jemadari wa waliomteka, na bado anamtakia bwana wake uzima. Neno lake dogo kwa bibi yake linafika kwa mfalme wa Shamu, linavuka mpaka, linamshusha jemadari majini mara saba. Naamani anarudi na mwili kama wa mtoto mdogo. Tunashangilia, tunafunga Biblia. Nimehubiri sura hii miaka mingi, sijawahi kumuulizia yule mtoto. Nami ni mtu wa pwani hii! Kule Bagamoyo mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wakapokea watoto waliokombolewa utumwani. Wangapi kati yao tunawajua kwa majina?

Jana jioni nikaenda kwa yule binti. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Nikamwomba radhi, nikamwambia Biblia haisemi kama yule msichana alirudi.

Akaweka ungo chini. "Shikamoo baba, karibu kiti," akasema. "Kwa hiyo wewe unaonaje?"

Nikakaa. Adhana ya magharibi ilitukuta bado tunaongea.