Siku moja maishani mwangu: bodaboda bila abiria, Pangani mpaka Amani

Saa 11 alfajiri. Adhana imeniamsha kabla ya alamu. Nimelala gesti ya bei rahisi Pangani, karibu na kivuko, feni inazunguka kama imelazimishwa. Leo siku ya tatu barabarani. Kwa asiyenijua, mi ni boda wa Mbagala, mwezi uliopita nimemaliza mkataba, mwaka na nusu kila siku ya Mungu elfu kumi kwa bosi, mvua ije jua liwake, saivi kadi ya pikipiki imeandikwa jina langu. Basi nikasema kabla sijaanza kupiga kazi kwa faida yangu ngoja kwanza niende nayo mahali ambapo hakuna mtu kanituma. Kijiweni wakaniuliza hiyo tenda ya wapi. Nikawaambia hakuna tenda, natembea tu. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Saa 12. Naangalia oili, upepo, brek. Cheni imelegea kidogo, nikasema ntaikaza Tanga. (Kumbukeni hili.) Begi nimelifunga siti ya nyuma na mipira ya tyubu. Kitu ambacho sikukitegemea kwenye hii safari ni mgongo kupata baridi. Miaka sita mgongoni kwangu huwa kuna mtu, mama na mtoto, mwanafunzi, mlevi, mtu na gunia la mkaa, na mwili umezoea ule uzito, sasa pikipiki ikiwa tupu inakuwa nyepesi mpaka inakera, ukiingia kona kwa mazoea unajikuta umelala kuliko ulivyotaka.

Saa 1 mpaka saa 3. Pangani kwenda Tanga, bahari mkono wa kulia, mara inaonekana mara imejificha nyuma ya minazi, hafu unaingia kwenye mkonge, mistari na mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka. Upepo wa bahari unanipiga shavu la kulia muda wote. Nimesimama mara mbili tu, kunywa maji na kumpisha ng'ombe, na mara zote mbili swali ni lilelile. Unaenda wapi? Amani. Kwa nani? Si kwa mtu, naenda kuona milima. Mwenye ng'ombe akaniangalia mimi, akaangalia pikipiki, akasema "na mafuta yalivyopanda hivi?" Sikuwa na jibu aisee.

Tanga nikajaza tenki, nikala mihogo, cheni nikasahau.

Saa 4 na nusu, Muheza. Hapa ndo nilipoharibu. Nimeingia kibandani kwa mama mmoja, chai ya tangawizi na chapati mbili, nje machungwa yamepangwa mafungu mafungu, vijana wanagombania kupakia basi la Amani. Mama ana ukarimu ule wa Kitanga, anaongea taratibu mpaka unajisikia vibaya kuwa na haraka.

"Karibu baba. Abiria umemuacha wapi?"

"Shikamoo mama. Sina abiria, niko mwenyewe."

"Marahaba. Unaelekea wapi?"

"Amani."

"Kwa nani baba?"

Yaani sijui nini kilinipata. Nilikuwa nimechoka kujieleza, nikasema tu, "Msibani mama."

Akaacha kukanda unga. "Innalillahi. Nani amefariki?"

"Bibi." Bibi yangu kweli alifariki, ila alifariki Kilosa, mi niko darasa la nne.

Watu wote mle kibandani wakanipa pole. Nimemaliza chai natoa hela, mama hataki hata kuiona, hafu akafungua fundo kwenye pindo la kanga akatoa elfu mbili iliyokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani akakifunga na mikono yake yote miwili, yenye unga. "Kaongezee sukari ya msibani." Rambirambi hairudishwi, kila mtu anajua hilo. Nikasema ahsante mama nikatoka nimeinama kama mfiwa kweli.

Saa 6. Lami nyuma, vumbi jekundu mbele, hafu taratibu vumbi linakuwa tope. Ule upepo wa bahari wa asubuhi kumbe nao ulikuwa unakuja hukuhuku, ndo kazi yake, unatoka baharini na unyevu wake, ukifika hii Usambara ya mashariki unakuta ukuta, unapanda, unapoa, unamwaga mvua. Ndo maana chini Tanga watu wanakunywa maji ya mto Zigi ambao unaanzia huku. Kuna kijiji kinaitwa Kisiwani, kiko chini ya mlima, bahari haipo karibu, usiniulize.

Saa 7, geti la Sigi. Nimelipa kiingilio cha hifadhi, ofisi yenyewe ni nyumba ya stesheni ya zamani, Mjerumani alileta reli ndogo mpaka hapa kwa ajili ya magogo. Askari wa geti akanionyesha ua dogo la zambarau limeota kwenye mwamba, majani yana manyoya. Akaniambia mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Tanga, Mjerumani, alipeleka mbegu zake kwao, saivi lipo madirishani dunia nzima na wengi hawajui limetoka kwenye miamba ya huku. Nikalipiga picha, picha imetoka na ukungu.

Saa 8. Kutoka geti mpaka Amani kilomita kama 9 tu ila ni kupanda mwanzo mwisho, kona juu ya kona, miti mirefu mpaka mchana unakuwa kama jioni. Gia ya kwanza, tairi la nyuma linazunguka bure kwenye tope, pikipiki inakaa upande kama kaa. Ndo nikaelewa, abiria! Siku zote nikipanda mlima na tope kuna kilo sabini zinakandamiza tairi la nyuma, leo kuna begi la nguo. Nikaokota mawe mawili, kila moja kama kichwa cha mtoto, nikayafunga juu ya begi kwa ile mipira. Na ikapanda. Bodaboda nimebeba mawe, na sijalipwa.

Kona ya tatu baada ya hapo, krak, cheni ikaruka. Kosa langu mwenyewe. Nikaisimamisha, mawe yakateremka, spana ya 19 nikalegeza nati ya ekseli, cheni nikairudisha kwenye sproketi kwa kijiti huku nazungusha tairi taratibu, nikakaza ajasta robo huku robo kule, nikafuta tope nione zile alama zimelingana pande zote, cheni icheze kidole kimoja na nusu, nikafunga. Vidole vyeusi, mvua inaingia shingoni. Niko palepale nimechuchumaa basi la Amani likapita kwa shida, na kutoka dirishani mtu akapiga kelele, "Pole na msiba kaka!"

Mwili uliniishia nguvu. Abiria wa Muheza. Taarifa inapanda mlima kabla yangu.

Saa 10 na nusu, Amani. Ukungu, harufu ya majani mabichi, hondohondo wanapiga kelele kama ugomvi wa majirani. Kwenye duka dogo wamekaa watu watano, wananisubiri, sio siri. Mzee mmoja kavaa koti zito na baraghashia akasimama kabisa kunipokea.

"Pole sana mwanangu. Tumesikia. Sasa huku tumeulizana nyumba kwa nyumba, hatujafiwa. Ni msiba wa nani?"

Nikashika kichwa. Nikamwambia ukweli wote, mkataba, kijiwe, mwenye ng'ombe, mama wa chai. Kimya. Hafu mzee akacheka, kicheko cha kikohozi, akaniambia usirudie kujichuria hivyo, mtu akikuuliza kwa nani sema kwa wenyeji, inatosha. Akaniagizia chai. Akanipa na historia, kwamba Mjerumani alianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902, akaleta miti ya kila nchi, hata mkwinini wa dawa ya malaria, na baba yake mzee alikuwa kibarua bustanini enzi za Mwingereza. Katikati ya hadithi akanyamaza, akaangalia pikipiki.

"Na hayo mawe unampelekea nani? Mbona huku yapo?"

Duka zima likaanguka.

Saa 3 usiku. Nimepata chumba, blanketi mbili, soksi zimeanikwa juu ya jiko la mkaa la mwenye nyumba. Kesho nashuka, njia ni ileile na kibanda cha yule mama kiko palepale barabarani. Mzee kasema nimwambie ukweli, kijana wa duka kasema nimwambie tu tumezika salama. Ile elfu mbili iko kwenye kava la simu, sijaichanganya na hela nyingine.