Nilivyozipa seli za mshipa tabia ya ubongo

Ukiitoa seli ya mshipa mdogo wa damu kwenye ubongo wa panya na kuikuza maabara, haifi. Inagawanyika vizuri tu. Ila ndani ya siku chache huacha kuwa ya ubongo: klaudini-5, protini inayobana mwanya kati ya seli na seli, inapungua, na GLUT1, inayopitisha glukosi, nayo inafifia. Jeni zenyewe zipo palepale, ila amri ya kuzisoma imekoma.

Hicho ndicho kilichonikalia kichwani nilipoanza uzamivu wangu hapa Ujerumani. Nilihitaji seli za binadamu zinazofanana na za kizuizi kati ya damu na ubongo, yaani kuta za mishipa zisizopitisha vitu ovyo kuingia ubongoni, kwa ajili ya kuchunguza malaria ya ubongo. Aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria hahitaji kuelezwa ugonjwa huo. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa, na kishikizo kimojawapo, kipokezi cha EPCR, kilitambuliwa mwaka 2013 katika utafiti uliotumia pia vimelea kutoka kwa watoto wa Tanzania. Wengi hutumia seli za mshipa wa kitovu kwa kuwa hupatikana kirahisi. Kwangu hazikufaa, maana hazijawahi kupokea ujumbe wowote kutoka kwenye ubongo.

Ujumbe huo ndio kiini cha mambo. Seli zote za mishipa, za ini kwa za ubongo, zina protini za unukuzi za ukoo wa ETS, kama ERG na FLI1. Hizo hukaa juu ya DNA na kusimamia jeni zinazoifanya seli iwe ya mshipa. Za ubongo zina nyongeza: LEF1, FOXF2, FOXQ1, ZIC3. Mimba ikiwa changa, seli changa za neva hutoa protini za ujumbe, Wnt7a na Wnt7b. Mshipa unapozipokea, beta-katenini, protini ya ndani ya seli ambayo kwa kawaida huvunjwavunjwa, inasalimika, inaingia kwenye kiini na kuungana na LEF1. Bila mwenzake huyo, LEF1 huzima jeni badala ya kuziwasha.

Nilianza na njia iliyoonekana ya mkato: kuingiza jeni za ZIC3 na FOXF2 kwa virusi kwenye seli za kitovu. Baadhi ya jeni za kizuizi zilipanda, nyingine hazikutikisika. Nikahamia CHIR99021, dawa inayozuia kimeng'enya cha GSK-3 ili beta-katenini isivunjwe. Seli zilizokomaa ziliitikia kwa uvivu.

Kilichofanya kazi ni kuanza mapema. Nilichukua seli shina za binadamu, nikazielekeza hadi hatua ya seli changa za mshipa zenye alama ya CD34, kisha nikaweka dawa hapohapo kabla hazijakomaa. GLUT1 ilipanda, klaudini-5 ikapanda, na PLVAP, alama ya mishipa inayovuja, ikashuka. Zilikua polepole kuliko zile zilizopewa kiyeyushi peke yake bila dawa, jambo ambalo nimelikubali. Ninavyoelewa, katika seli changa kromatini, yaani DNA na protini inazozungushiwa, kwenye maeneo ya jeni hizo bado haijafungwa, hivyo LEF1 na beta-katenini hupata pa kukaa. Katika seli za panya mzima zilizokwisha kukuzwa maabara, watafiti walionyesha mwaka 2020 kwamba hata ukiilinda beta-katenini, tabia ya ubongo hairudi kwa kiasi cha maana.

Kabla ya kushangilia nilipima jambo moja zaidi, na ningemsihi yeyote anayeingia fani hii alipime. Mwaka 2021 ilibainika kwamba seli zilizotumika miaka mingi kama seli za mishipa ya ubongo, kwa sababu tu zilizuia umeme vizuri sana (dalili kwamba mianya kati ya seli imebanwa), kwa hakika zilikuwa na sura ya epithelia, seli zinazofunika nyuso za viungo: zilikuwa na EPCAM, alama ya epithelia, na zilikosa jeni muhimu za mishipa. Zangu zilikuwa na CD31 na VE-kadherini, alama za seli za mishipa, bila EPCAM. Uzuiaji wao wa umeme ni wa wastani tu. Afadhali hivyo.

Sasa nazikuza pamoja na perisaiti, seli zinazokumbatia mishipa midogo kwa nje, nione kama ubanaji utaongezeka. Vimelea vitafuata baadaye, maabara ya jirani ikishaniruhusu kutumia chumba chao.