Dari iliyohifadhiwa, kutoka Malindi hadi Mkoani

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu katika imani.

Tafakari ya Ijumaa hii inatoka katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 32. Mwenyezi Mungu anatwambia kwamba ameifanya mbingu kuwa dari iliyohifadhiwa, kisha anaongeza jambo linalonitia hofu kila nikilisoma: nao wanazipa mgongo ishara zake. Dari ipo, na sisi tulio chini yake hatuinui macho.

Basi leo tuyainue. Wengi wetu tunaijua safari ya boti kutoka Malindi, bandari ya Unguja mjini, hadi Mkoani, Pemba. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100, na wataalamu wengi huhesabu kwamba ukipanda kilomita 100 umeshatoka kwenye hewa na kuingia anga za mbali. Isimamishe safari hiyo wima akilini mwako: Malindi iwe hapa tulipo, Mkoani iwe juu.

Boti ndiyo kwanza iko usawa wa kisiwa cha Changuu, kilomita tano na nusu, na tayari nusu ya hewa yote umeiacha nyuma. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895, na wanaokifika hukuta kila pumzi ina kama nusu tu ya oksijeni tunayovuta sisi huku pwani. Hatua chache, mtu anasimama, kifua kinapanda na kushuka. Katika Suratul-An'aam, aya ya 125, mtu ambaye moyo wake umezibwa usipokee uongofu amefananishwa na anayepanda mbinguni, kifua chake kina dhiki na kimebana. Sisi hewa kamili tunaivuta usingizini, sokoni, hata kwenye sijda, wala hatukuiomba.

Tabaka hili la chini, troposfia, ndilo la mawingu na mvua, la kaskazi na kusi. Huku karibu na ikweta linafika kilomita 16 mpaka 18. Kwenye ncha za dunia huishia kama kilomita 8. Kila ukipanda kilomita moja, joto hupungua nyuzi 6 na nusu hivi. Matokeo yake ni ya ajabu: sisi watu wa joto na jasho, juu ya vichwa vyetu, kwenye kilomita 17 hivi, pana baridi ya karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwa kawaida ni kali kuliko ile ya mwisho wa tabaka hilo hilo juu ya nchi za barafu.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu baridi hiyo ina kazi. Mvuke unaopanda kutoka bahari yetu hii ukifika pale huganda, na unaopenya kwenda juu zaidi ni kidogo mno. Lau ungelipenya kwa wingi, mwanga mkali wa jua huko juu ungeliyavunja maji, na haidrojeni yake ingelipotea angani, karne baada ya karne. Lakini maji yanazuiliwa na kurudishwa. Simama ufukweni Wete siku ya mawingu ya masika, utazame upande wa bara. Utaliona wingu la radi linapanda, linapanda, kisha kichwa chake kinatandazika ubapa kana kwamba kimegonga kitu. Kimegonga kweli: kuanzia hapo hewa ya juu haizidi tena kuwa baridi, inaanza kupata joto, na wingu halina njia. Katika Suratut-Taariq, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ameapa kwa mbingu yenye marejeo, na wafasiri wengi wameeleza kwamba marejeo hayo ni mvua. Ndiyo hiyo inayolea mikarafuu ya Pemba. Subhanallah.

Karibu na Mangapwani tunaingia tabaka la pili, stratosfia, na itatufikisha hadi Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kilomita 50. Njiani, maeneo ya Bumbwini, kati ya kilomita 20 na 25, ndipo gesi iitwayo ozoni ilipo nyingi zaidi. Tusidhani ni nyingi hivyo. Ozoni yote iliyo juu yetu ingelikusanywa na kushushwa hapa chini, ingelifanya unene wa milimita 3 hivi. Hiyo ndiyo inayotuzuilia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho na mimea.

Tukitoka Nungwi ni mkondo wa Pemba, nalo ni tabaka la tatu, mesosfia. Chembe nyingi zinazotoka angani, aghlabu ndogo kama mchanga, huungua huko na zisitufikie. Baada yake ni themosfia, ambayo huko juu zaidi joto lake linaweza kupita nyuzi 1,000, ingawa hewa yake ni haba hata isingekuhisisha joto lolote.

Wapo ndugu wanaosema tabaka hizi ndizo mbingu saba. Mimi sikubaliani nao, na nasema kwa heshima. Suratul-Mulk, aya ya 5, inatwambia kwamba mbingu ya karibu imepambwa kwa mataa, nazo ni nyota. Na nyota zote ziko mbali, mbali mno kupita hewa hii. Tusiibane Qur'ani iingie ndani ya kilomita 100. Ishara inatosha kuwa ishara.

Sasa, dari hii imehifadhiwa, lakini sisi tumepewa mikono. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi zilizokuwa zikitumika kwenye mafriji na makopo ya kupuliza hupanda hadi stratosfia na kuila ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba juu ya Antaktika ozoni imepungua vibaya mno kila majira ya kuchipua ya huko. Mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na leo tabaka linapona. Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2022 inatarajia sehemu kubwa ya dunia irudi hali ya mwaka 1980 ifikapo 2040 hivi, na Antaktika karibu 2066. Watoto waliopo chuoni leo wakisoma juzuu amma ndio watakaoiona, inshaallah. Suratul-A'araf, aya ya 56, inatukataza kufanya uharibifu katika ardhi baada ya kutengenezwa, na mimi naona kuponya ni katika kuitii aya hiyo.

Viyoyozi vingi vya zamani hapa kwetu bado vina gesi ya R22, nayo huidhuru ozoni. Fundi akilegeza bomba, ukasikia ile sauti ya gesi inapulizika nje, inakwenda juu. Kwa hiyo wiki hii ukimwita fundi, muulize mapema kama ana mashine na mtungi wa kuivutia gesi. Akiwa hana, mtafute aliye nazo, hata kama ni wa bei zaidi.

Tukutane Ijumaa ijayo, inshaallah.