Ufundi wa turbini na jenereta: ukichagua chuo, angalia vipimo kwanza

Wanaoulizia kozi hii huuliza nitafungua mashine lini. Kufungua boliti hujifunzwa wiki moja. Kazi inayokula miezi ni kupima, na chuo kisichokupa muda wa kutosha na mega (kifaa cha kupima insulesheni) na geji za mshale (za kupima mwendo mdogo sana) kitakupa cheti tu.

Chukua kipimo cha insulesheni (kizuizi cha umeme) ya steta, sehemu ya jenereta isiyozunguka. Mashine imezimwa, imefungwa kwa kufuli na lebo, waindingi (nyaya zilizozungushwa ndani yake) imeunganishwa na ethi (waya wa ardhini) mpaka chaji iishe. Fungua nyota (kiungo cha feizi zote tatu) ili kila feizi isimame peke yake, na zile mbili usizozipima ziunganishe na ethi. Kwa steta ya volti 11,000, mega huwekwa kati ya volti 2,500 na 5,000 za DC. Soma dakika ya 1, soma tena dakika ya 10, kisha gawanya usomaji wa pili kwa wa kwanza. Ukipata megaohmu 800 kisha 2,000, jibu ni 2.5, na kuanzia 2 kwenda juu waindingi iko sawa. Ukipata 800 kisha 880, jibu ni 1.1: kuna unyevu au uchafu, hata kama namba 800 yenyewe inapendeza. Hapo ndipo wanafunzi wengi hudanganyika. Kausha kwa hita, safisha, pima upya. (Ikiwa dakika ya 1 tayari imepita megaohmu 5,000, mgawanyo huo hauna maana sana.)

Andika na joto la waindingi, maana kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza usomaji karibu nusu. Megaohmu 400 kwa nyuzi 30 ni kama 200 kwa nyuzi 40. Rekodi isiyo na joto haiwezi kulinganishwa na ya mwaka ujao. Ukimaliza, rudisha ethi na uiache angalau mara nne ya muda uliopima: dakika 10 za kupima, dakika 40 za ethi. Waindingi kubwa hushika chaji, na chaji hiyo inaua.

Rota, sehemu inayozunguka, ni habari nyingine. Hapo volti 500 kwa kawaida zinatosha, na dayodi za eksaita (kifaa kinachoipa rota umeme) lazima zitenganishwe au zifungwe pamoja kwa waya kabla ya kupima, la sivyo unazichoma mwenyewe.

Upande wa mekanika, somo gumu ni alaimenti ya shafti, yaani kuzinyoosha shafti mbili ziwe mstari mmoja. Usianze na kapulingi (kiungo cha shafti hizo), anza na miguu ya mashine. Weka geji juu ya mguu, legeza boliti yake moja. Mshale ukipanda zaidi ya milimita 0.05, mguu huo haukai sawa na unapinda fremu kila unapoukaza. Jaza kwa shimu (vipande vyembamba vya chuma) safi, tatu au nne zikizidi sana, kwani rundo la shimu nyembamba hufanya kazi kama springi. Kisha zungusha shafti zote mbili pamoja, soma juu, chini, kushoto na kulia. Juu jumlisha chini lazima ikaribiane na kushoto jumlisha kulia. Zikitofautiana, kifaa chako kimelegea au umekosea kusoma. Na usisahau kugawa kwa mbili: geji ya ukingoni mwa kapulingi ikionyesha 0.20, shafti imehama 0.10. Anayesahau hili huhamisha mashine mara mbili ya inavyotakiwa, kisha anashangaa mtikisiko umezidi. Mashine ikipata moto pia hunyanyuka, kwa hiyo alaimenti ya baridi hufuata namba za mtengenezaji, ambazo mara nyingi si sifuri.

Brashi za kaboni, zinazopitisha umeme kwenye ringi za rota, zina somo fupi: usichanganye aina mbili kwenye ringi moja, kwani mkondo hukimbilia moja na kuichoma. Ya mpya huchongwa kwa msasa wa glasi, kamwe si wa emeri, ambao chembe zake hubaki ndani na kukwaruza ringi.

Kabla ya kulipa ada, omba kuona karakana. Uliza kama kuna rota ya kuzungushwa kwa mkono, kama kila mwanafunzi anashika geji mwenyewe, na kama wanafundisha kutoa hidrojeni (gesi inayopoza jenereta kubwa) kwa kusukuma kaboni dioksaidi kwanza. Hidrojeni hulipuka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ndani ya hewa, hivyo hewa haiingizwi moja kwa moja.